Sheria Iliyompa Mzazi Nguvu ya Kudai: Elimu ya Watoto Wenye Ulemavu Nchini Marekani

Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ilitoa hukumu katika kesi ya mvulana wa mji mdogo wa Antigo aitwaye Merritt Beattie. Merritt alizaliwa na maradhi ya kupooza. Akili yake haikuwa na kasoro na masomo aliyamudu. Kilichomponza ni mwili: alikuwa akitokwa na mate, maneno yalimtoka kwa shida, na uso wake ulikunjamana alipojaribu kuzungumza. Bodi ya shule ilimtoa darasani kwa hoja kwamba kumtazama kunawachefua na kuwanyong'onyeza walimu na wanafunzi, tena anachukua muda mwingi mno wa mwalimu. Kesi ilipofika kwenye mahakama ya juu ya jimbo, majaji waliipa bodi ushindi.

Ukubwa wa dhuluma hiyo unaonekana vizuri ukiangalia miaka. Mwaka 1918, mwaka mmoja tu kabla ya hukumu ya Antigo, majimbo yote ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Serikali iliweza kumwadhibu mzazi aliyemficha mtoto nyumbani, na wakati huohuo shule iliweza kumfukuza mtoto mwenye ulemavu arudi huko huko nyumbani. Massachusetts, jimbo lililoanza kabla ya mengine yote kuifanya elimu kuwa ya lazima, lilikuwa na hukumu ya aina hiyo tangu 1893: mahakama yake ilikubali mtoto atolewe shuleni kwa kuwa alionekana dhaifu wa akili.

Shule za watoto wenye ulemavu zilikuwapo. Ile ya viziwi ya Hartford, jimbo la Connecticut, ilifunguliwa mwaka 1817 na Thomas Gallaudet pamoja na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi aliyetoka Ufaransa. Ya wasioona ya Perkins, Massachusetts, ilifuata baadaye. Zilifanya kazi kubwa, na bado zipo. Lakini zilijengwa kwa moyo wa hisani, na hisani huchagua wa kumsaidia. Mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mwenye ulemavu zaidi ya mmoja, alibaki uani kwao au akapelekwa katika majengo makubwa ya serikali yaliyokuwa mbali na macho ya watu. Pennsylvania ilikuwa na Pennhurst, New York ilikuwa na Willowbrook. Yalibeba jina la shule, ingawa wengi waliokuwamo hawakufundishwa chochote.

Mwishoni mwa mwaka 1965 profesa Burton Blatt alizunguka katika majengo kadhaa ya namna hiyo pamoja na mpiga picha Fred Kaplan, aliyekuwa ameficha kamera mkandani. Picha zao zilichapishwa mwaka uliofuata: watu uchi sakafuni, watoto wamerundikana vyumbani bila kazi, bila mchezo, bila mwalimu. Wamarekani waliona kwa macho yao mahali ambapo mtoto aliyekataliwa na shule alikuwa akiishia.

Mlango wa sheria ulikuwa umefunguliwa kabla ya hapo na watu waliokuwa wakipigania jambo jingine. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule zao ni kinyume cha Katiba. Hukumu ilisema kwamba elimu, pale serikali inapoamua kuitoa, lazima itolewe kwa wote kwa usawa. Wakili John W. Davis, aliyetetea ubaguzi, aliliona hilo mapema. Aliwaonya majaji kwamba wakikubali hoja ya upande wa pili, haoni jinsi jimbo litakavyobaki na haki ya kuwatenga wanafunzi kwa sababu ya uwezo wao wa akili. Alilitaja kama tishio. Wazazi wa watoto wenye ulemavu walikuja kulifanya hoja yao, lakini iliwachukua karibu miaka 17 kulifikisha mahakamani.

Jimbo la kwanza lilikuwa Pennsylvania. Sheria ya shule ya jimbo hilo iliruhusu kumkataa mtoto ambaye akili yake haijafikia ile ya mtoto wa miaka 5, na kumtoa kabisa yule ambaye mtaalamu wa shule amethibitisha kwamba hafundishiki. Wazazi walikuwa na chama chao, kilichojulikana kwa kifupi PARC, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikipeleka malalamiko ya hali ya Pennhurst bila kusikilizwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; viongozi waliokuwa wakipokea malalamiko hayo hawakuwa na mtoto Pennhurst. Chama kikamtafuta wakili Thomas Gilhool, ambaye ndugu yake mwenyewe alikuwa na ulemavu wa akili. Gilhool angeweza kushtaki juu ya uchafu na ukatili wa jengo. Alichagua kushtaki juu ya elimu, kwa hesabu kwamba mtoto akipata shule karibu na kwao, hakuna atakayehitaji kumpeleka Pennhurst.

Kesi ilifunguliwa Januari 1971. Agosti, wataalamu wa upande wa wazazi walitoa ushahidi, na mmoja wao alikuwa Burton Blatt. Walisema jambo moja kwa maneno tofauti: hakuna mtoto asiyeweza kujifunza kitu. Kwa mmoja, kitu hicho ni hesabu. Kwa mwingine ni kujilisha mwenyewe, kuvaa nguo au kwenda chooni bila kusaidiwa, na hiyo nayo ni elimu. Ushahidi ulichukua siku moja tu. Baada ya kuusikia, mawakili wa jimbo hawakuendelea kupigana. Walikaa na wazazi, na Oktoba mwaka huo pande mbili zikaafikiana kwamba kila mtoto mwenye ulemavu wa akili apewe elimu ya bure inayolingana na uwezo wake. Zaidi ya hapo, shule isimhamishe wala kumtoa mtoto bila kumwarifu mzazi na kumpa nafasi ya kusikilizwa. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lililobeba mzigo wote uliofuata.

Washington, mji mkuu, kesi ilikuwa na sura nyingine. Watoto saba walishtaki kupitia walezi wao. Aliyetangulia katika orodha ni Peter Mills, mvulana wa miaka 12 aliyetolewa shuleni kwa madai ya utovu wa nidhamu. Katika mji huo ilikadiriwa kuwa kulikuwa na watoto 22,000 wenye ulemavu wa aina mbalimbali, na kati yao huenda 18,000 hawakuwa wakipata huduma yoyote ya elimu maalumu. Mamlaka ya elimu haikukana wajibu wake. Ilijitetea kwa hoja ambayo wazazi wa Afrika Mashariki pia wameisikia mara nyingi: hatuna fedha.

Jaji Joseph Waddy alijibu mwezi Agosti 1972. Kama fedha hazitoshi, alisema, basi zigawanywe kwa haki ili asiwepo mtoto anayenyimwa elimu kabisa. Upungufu wa bajeti hauwezi kumwelemea mtoto mwenye ulemavu kuliko mtoto mwingine. Ningependa hukumu hiyo isomwe katika kila ofisi inayopanga bajeti ya elimu, popote duniani, kwa sababu inaondoa kisingizio bila kudai fedha zisizokuwapo. Inadai tu kwamba njaa ya serikali isiwaangukie watoto walewale kila mwaka.

Kesi za namna hiyo zikafunguliwa katika majimbo mengi, na Kongresi ikaanza kusikia kelele kutoka pande mbili: wazazi waliotaka haki iliyopatikana Pennsylvania, na magavana waliotaka kujua nani atalipa.

Hapa anaingia Judith Heumann. Alizaliwa mwaka 1947, akaugua polio akiwa na umri wa miezi 18, na tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Alipofika umri wa kuanza shule, mama yake alimsukuma hadi shule ya jirani huko Brooklyn. Mwalimu mkuu aliwarudisha: mtoto mwenye kiti kama kile, alisema, ni hatari moto ukizuka. Judith aliingia darasani akiwa na miaka 9. Akasoma, akafika chuo, na mwaka 1970 akaomba leseni ya ualimu. Bodi ya Elimu ya New York ikamnyima kwa sababu ileile ya utotoni, kwamba moto ukitokea hataweza kujiokoa wala kuwaokoa wanafunzi. Aliishtaki bodi. Jaji aliyepangiwa kesi alikuwa Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, ambaye akiwa wakili kijana ndiye aliyeandika hati ya kwanza ya mashtaka ya kesi ya Brown. Aliishauri bodi ifikirie upya. Bodi ikafikiria, na Judith akawa mwalimu.

Mwaka 1974 Heumann alikuwa akifanya kazi Seneti, katika ofisi ya Seneta Harrison Williams wa New Jersey, akisaidia kuandaa muswada wa elimu ya watoto wenye ulemavu. Muswada ulipita mwaka uliofuata kwa kura ambazo siasa za leo za Marekani hazizijui: 404 kwa 7 katika Baraza la Wawakilishi, 87 kwa 7 katika Seneti. Rais Gerald Ford aliutia saini tarehe 29 Novemba 1975, huku akilalamika kwamba unaahidi zaidi ya serikali itakavyoweza kutimiza. Kongresi yenyewe iliandika ndani ya sheria kwamba nchi ilikuwa na watoto zaidi ya milioni 8 wenye ulemavu, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata elimu inayowafaa, na kwamba milioni 1 walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule za umma.

Sheria hiyo, ambayo tangu 1990 inaitwa kwa kifupi IDEA, inampa kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure inayomfaa, tena pamoja na watoto wasio na ulemavu kwa kadiri inavyowezekana. Nchi nyingi zimeandika maneno yanayokaribia hayo katika katiba na sheria zao. Kinachoitofautisha ya Marekani ni utaratibu wake. Kwa kila mtoto huandikwa mpango wake wa elimu: yuko wapi kimasomo, ataongozwa kufika wapi mwaka huu, atapewa huduma gani, saa ngapi kwa wiki, na nani. Mpango huo huandikwa katika kikao ambacho mzazi ni mjumbe sawa na mwalimu na mtaalamu. Mzazi asiporidhika anaweza kudai usikilizwaji mbele ya mwamuzi asiyeajiriwa na shule ile, na kutoka hapo anaweza kwenda mahakamani. Wakati mgogoro ukiendelea, mtoto hubaki darasani alipo. Mwaka 1988, katika kesi kutoka San Francisco, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba shule haiwezi kumfukuza kwa uamuzi wake yenyewe mtoto ambaye tabia inayolalamikiwa inatokana na ulemavu wake.

Huo ndio moyo wa sheria hii. Haki ya elimu ilikuwa ikisemwa kwa muda mrefu. Kilichokuwa hakipo ni mahali ambapo mama mmoja, bila cheo wala chama, anaweza kumwita ofisa wa elimu ajieleze.

Lakini elimu inayomfaa mtoto ni ipi? Kongresi haikusema, na swali lilimfikia jaji kupitia msichana kiziwi, Amy Rowley, wa wilaya ya shule ya Hendrick Hudson, New York. Wazazi wake, nao viziwi, waliomba awe na mkalimani wa lugha ya alama darasani. Shule ilimpa kifaa cha kusikilizia na mwalimu wa ziada, ikaona vinatosha kwa kuwa alikuwa akipanda madarasa bila shida. Mahakama ya kwanza ilikuta kwamba alikuwa akipokea chini ya asilimia 60 ya yale yaliyosemwa darasani. Wakili wao, Michael Chatoff, alikuwa kiziwi wa kwanza kuwasilisha hoja mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, akisoma maswali ya majaji kwenye skrini. Juni 1982 majaji sita kwa watatu walimkatalia Amy. Sheria, walisema, haidai mtoto afikishwe kwenye kilele cha uwezo wake. Inatosha afaidike na elimu kwa kiasi fulani. Naamini majaji wale walikosea. Mtoto asiyesikia anayefaulu kwa kusoma midomo na kubahatisha hajapewa kilekile wanachopewa wenzake, na bidii yake haikupaswa kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Amy alikuja kuwa profesa wa lugha ya alama.

Kiasi fulani kikazidi kushuka. Mahakama za rufaa katika baadhi ya maeneo zikaridhika na manufaa yanayozidi kidogo tu sifuri. Jaji Neil Gorsuch aliandika kiwango cha namna hiyo katika hukumu ya 2008, na kwa kiwango hicho wazazi wa mvulana mwenye usonji huko Colorado, aitwaye Endrew, walishindwa katika kila hatua hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 22 Machi 2017 majaji wote wanane waliikataa tafsiri hiyo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mpango wa mtoto lazima ulenge maendeleo ya kweli kulingana na hali yake. Hukumu ilitoka wakati Gorsuch mwenyewe ameketi mbele ya maseneta, akihojiwa ili aingie mahakama hiyohiyo.

Na vipi mtoto ambaye ulemavu wake ni mzito kupita kiasi? Swali hilo lilijibiwa New Hampshire mwaka 1989, katika kesi ya mvulana aliyetajwa kwa jina la Timothy W. Mahakama ya chini ilikuwa imesema hana uwezo wa kufaidika na elimu. Mahakama ya rufaa ikarudi kwenye maneno ya sheria: watoto wote maana yake ni wote, na mtoto hatakiwi kuthibitisha kwanza kwamba anafundishika ndipo afundishwe.

Elimu maalumu iliwahi pia kugeuzwa jela. Huko California watoto wa asili ya Mexico waliwekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili baada ya kupewa majaribio ya Kiingereza, lugha wasiyoijua vizuri. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao hawakuwa na ulemavu wowote wa akili. Kesi yao, iliyofunguliwa mwaka 1970 kwa jina la Diana, iliisha kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe kwa lugha ya kwao. Mwaka 1979 jaji huko California alizuia kutumia vipimo vya akili kuwaingiza watoto weusi katika madarasa hayo. Masharti ya kumpima mtoto kwa lugha yake, bila upendeleo wa rangi au utamaduni, yamo sasa ndani ya sheria ya taifa.

Fedha ndiyo aibu iliyobaki. Mwaka 1975 Kongresi ilikusudia serikali kuu ifikie kuchangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini. Lengo lilikuwa mwaka 1982. Halijafikiwa hata mwaka mmoja, na katika miaka ya karibuni mchango huo umekuwa chini ya asilimia 15. Upungufu hubebwa na majimbo na wilaya, na huko hutafutiwa njia za mkato. Texas iliweka kiwango kwamba wanafunzi wa elimu maalumu wasizidi asilimia 8.5; gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikathibitisha kwamba jimbo lilivunja sheria. Mahakama nayo imeongeza gharama ya kudai: tangu 2005, kwa kawaida anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na mara nyingi huyo ni mzazi. Mwenye uwezo huajiri wakili na mtaalamu. Mwenye kazi mbili za usiku hutia saini alichopewa.

Hata hivyo tukiangalia kutoka Antigo hadi leo, umbali ni mkubwa. Katika mwaka wa masomo 2022/23 wanafunzi milioni 7.5, karibu asilimia 15 ya wote walio katika shule za umma, walihudumiwa chini ya sheria hii. Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu inayoisimamia. Amri ya rais haifuti sheria. Kufuta ni kazi ya Kongresi. Lakini sheria isiyo na msimamizi humrudishia mzazi kazi yote, na wazazi wana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Jambo hili linawagusa pia wasomaji wa Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Wana watoto shuleni, na wako ambao watoto wao wanahitaji elimu maalumu. Kwao historia hii yote inakuja kuwa mambo machache ya kushika. Tangu 1982 Mahakama ya Juu imekataza shule za umma kumkatalia mtoto kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Ukiona mtoto wako ana shida, iandikie shule barua ya kuomba apimwe, utie tarehe, ubaki na nakala. Ukishatoa idhini, vipimo vikamilishwe ndani ya siku 60, isipokuwa pale jimbo lilipojiwekea muda wake. Usitie saini karatasi usiyoielewa. Na katika kikao cha mpango wa mtoto wako una haki ya kuletewa mkalimani wa Kiswahili: mwombe mapema, na gharama yake hulipwa na shule.